Askari Waliorudi Vijijini na Tiba Yao

Kila mwaka tarehe 25 Julai twawakusanya watoto wetu wa shule, twawapanga safu mbili, twawaeleza maana ya Siku ya Mashujaa. Wenye redio na televisheni husikia na kuona jinsi wakubwa wa nchi wanavyoweka mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, na shada la maua katika mnara wa kumbukumbu. Baragumu hupigwa, na watu hunyamaza. Ni desturi njema, wala hatuipingi. Lakini mwaka uliopita mtoto mmoja wa darasa la tano alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu vema mbele ya wenzake. Alisema, "Mwalimu, babu yangu naye alikwenda vitani. Mbona yeye hawekewi kitu?" Tulimjibu ya kwamba vitu vile huwekewa waliokufa. Akasema, "Kumbe mpaka afe." Darasa likacheka, nasi tukageuka tukafuta ubao.

Babu yake twamjua. Ni mmoja wa mgambo walioitwa mwishoni mwa mwaka 1978, hapo majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka, yakaitwaa nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, yakavunja daraja la Kyaka, yakapora ng'ombe na mabati ya nyumba, na kuua raia. Sisi tuandikao haya tulikuwa hatujazaliwa. Tumekua tukisikia habari hizi jikoni na msibani. Jeshi la nchi wakati ule halikufika watu 40,000. Kwa muda wa miezi michache likaongezwa hata likapita 150,000, na katika hao kama 40,000 walikuwa mgambo, yaani wakulima, makarani, walimu wenzetu, na vijana wa vijiji waliokuwa wamefundishwa kushika bunduki baada ya kazi zao. Watu hao walivuka mto, wakaingia Masaka Februari 1979, wakaingia Kampala tarehe 11 Aprili, na mwanzoni mwa Juni jeshi likafika mpaka wa Sudani. Kisha wakarudi. Askari wa kudumu alirudi kambini. Mgambo alirudi shambani kwake, akaitundika shati ya jeshi ukutani, akashika jembe.

Na hapo, ndugu wasomaji, ndipo mambo yetu yalipoharibika. Aliyerudi kambini alikuwa na jina kitabuni, na mganga wa jeshi, na siku ya kustaafu yenye karatasi zake. Aliyerudi shambani alikuwa na migomba yake. Nchi ilikuwa imechoka kwa gharama. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda miezi 18, na miezi ile ilirefuka kuwa miaka. Hatumlaumu mtu kwa kuwa mwaka 1979 hakuwa na shilingi ya kumtibu kila aliyerudi. Tunalaumu kwamba shilingi ilipopatikana baadaye, hakuna aliyekumbuka kurudi na kuuliza.

Tusimulie jambo moja tulilolishuhudia sisi wenyewe. Babu yule ana kipande cha chuma pajani, alichokipata njiani baina ya Masaka na Kampala. Sikio lake la kushoto halisikii, kwa sababu alisimama siku nyingi karibu na mizinga ile ambayo watu wa Uganda waliiita Sabasaba. Miaka miwili iliyopita paja lilivimba, likaanza kutoa usaha. Mganga wa zahanati yetu, kijana mwema, alilitazama akasema, "Baba, hili lahitaji picha na kisu, wala mimi sina hata kimoja." Akamwandikia barua ya rufaa. Mzee akauza mbuzi. Mkewe akafunga ndizi mbivu katika kitambaa, wakapanda pikipiki mpaka barabara kuu, wakangoja basi toka alfajiri hata saa nne, wakafika hospitali moja kubwa ambayo hatutaitaja. Sisi tulikuwa pamoja nao, kwa kuwa mzee asingesikia anaitwa.

Karani akamwuliza, "Mzee, una kitambulisho chochote cha jeshi?"

Akajibu, "Mwanangu, sisi tulikuwa mgambo. Karatasi nilipewa, ikaliwa na mchwa pamoja na mlango."

"Basi wewe si askari, baba. Fuata mstari ule."

Hatusemi ya kwamba karani alikuwa mtu mbaya. Alisema kama alivyofundishwa, wala hakupaza sauti. Mzee akafuata mstari. Fedha ya mbuzi ikaisha katika nauli na picha. Akaambiwa arudi baada ya majuma mawili kwa daktari wa upasuaji, lakini mbuzi wa pili hakuwepo. Kipande kile cha chuma kimo pajani mwake hata leo tunapoandika.

Wako watakaosema: hiyo ni habari ya mzee mmoja. Sisi twajibu kwamba ni habari ya mara tatu katika nchi hizi, na mara mbili za kwanza tumekwisha kuona mwisho wake.

Mara ya kwanza ilikuwa vita vya 1914 hata 1918. Kila msomaji aliyefika Dar es Salaam amenunua kitu Kariakoo, na aliyefika Nairobi ameiona Kariokor. Wachache wakumbuka ya kuwa majina hayo mawili yatokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, waliobeba mizigo ya majeshi ya Waingereza kwa vichwa vyao. Watu wale hawakuuawa sana na risasi. Waliuawa na kuhara damu, na homa ya malaria, na homa ya mapafu. Waliozoea ndizi walipewa unga wa mahindi usioiva vema, matumbo yakakataa. Waliopona walirudi kwao wakiwa mifupa, wakakutana na homa kuu ya mafua ya mwaka 1918. Ni nani aliyewaandika? Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri katika taarifa yake ya mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, na huenda wakafika hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na wa Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Tume ikaomba radhi. Radhi iliyoombwa baada ya miaka mia na zaidi haina mtu wa kuipokea.

Mara ya pili ilikuwa 1939 hata 1945. Zaidi ya watu 300,000 wa nchi hizi waliandikwa jeshini. Wakapigana Uhabeshi mwaka 1941, wakapelekwa Bukini, yaani Madagaska, mwaka 1942, na mwaka 1944 wakapita katika misitu na matope ya Burma wakiwafuata Wajapani. Walipofunguliwa, Mwafrika alipewa bahshishi iliyo chini sana ya ile ya Mzungu wa cheo chake, hata karibu theluthi tu. Jambo hili lilitangazwa mwaka 2019 hati za zamani zilipofunuliwa, ingawa wenyewe walilijua tangu siku ile walipopanga mstari. Na tiba? Chama cha kuwasaidia askari wa zamani wa Dola kilikuwako tangu 1921, nacho kilisaidia kwa kadiri ya sadaka zake. Mwaka 2018 Serikali ya Uingereza ilitangaza karibu pauni milioni 12 ili wazee wale na wajane wao katika nchi za Jumuiya ya Madola wapate milo miwili kwa siku. Hatuudharau mlo. Lakini hesabuni wenyewe: toka 1945 hata 2018 ni miaka 73. Kijana aliyekuwa na miaka 20 Burma alikuwa na miaka 93 uji ulipofika mlangoni. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Huyu hakuulizwa, alisahauliwa tu mpaka wengi wa wenzake wakawa hawawezi tena kunywa.

Sasa ni mara ya tatu, na tofauti ni moja tu, nayo ni kubwa: watu wa vita vya Kagera bado wako. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 amezaliwa 1958. Ni mzee, lakini aweza kusema jina lake, na jina la kombania yake, na jina la mwenzake aliyemwona akianguka. Baada ya miaka ishirini hakutakuwa na wa kuuliza. Ndiyo sababu twaandika sasa na kwa ukali.

Tumekwisha kulitamka jambo hili katika mikutano ya kijiji na katika mazungumzo ya walimu, na tumeyasikia majibu. Mmoja alituambia kwamba mgambo walikwenda kwa kupenda nchi yao, kwa hiyo wasidai ujira. Hilo tulipite upesi, kwa maana hakuna anayedai ujira. Mtu kudai mguu wake utibiwe si kudai mshahara. Mwingine, ambaye ni mtu wa maana na twamheshimu, alisema, "Walimu, mwataka nini zaidi? Wazee wote wasio na uwezo, waliopita miaka 60, watibiwa bure kwa sera ya Serikali. Hakuna haja ya kumtenga askari na mkulima."

Neno hili lataka jibu la taratibu, kwa kuwa nusu yake ni kweli. Ni kweli Sera ya Wazee ya 2003 na Sera ya Afya ya 2007 zimewaondolea wazee wasiojiweza malipo ya tiba, na katika hospitali nyingi utaona dirisha la wazee limeandikwa kwa rangi. Twalisifu. Lakini dirisha hilo liko hospitali, na mzee yuko kijijini. Dirisha halilipi nauli ya pikipiki. Katika safari ile tuliyoisimulia, mzee aliambiwa akanunue dawa dukani nje ya ua, kwa kuwa iliyoandikwa haikuwepo ndani. Tena mkewe, ambaye ana shinikizo la damu, hajafika miaka 60, kwa hiyo hana dirisha lo lote. Mwanamke huyu alilima peke yake mumewe alipokuwa akipigwa na majinamizi, akazaa, akalea, akamwosha kidonda. Vita vimemla naye, ila vilimla polepole. Na zaidi ya hayo, maradhi ya mzee askari si maradhi ya uzee. Uzee hauingizi chuma pajani. Jeraha la vita latafuta mpasuaji, na kifaa cha masikio, na mguu wa bandia, na daktari wa akili, wala mambo hayo hayapatikani penye dirisha la kijiji cho chote tukijuacho.

Tumetaja akili. Hapa twaomba wasomaji wavumilie, kwa maana sasa tunajisema sisi wenyewe, si Serikali.

Yuko mgambo mwingine katika kata yetu ambaye mvua kubwa ikipiga bati hutoka nje usiku, hulala kifudifudi katika migomba, na huita majina. Mkewe amezoea, mawingu yakikusanyika huwahamisha wajukuu kwenda jikoni. Watoto wa kijiji wamempa mzee huyo jina la Sabasaba. Wakubwa husema ni pombe ya ndizi, wengine husema amerogwa na wale aliowaua huko ng'ambo. Tumelisikia hilo likisemwa na watu waliosoma, wenye kalamu mfukoni, nasi tuliwahi kucheka. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini huyu hakuficha, sisi ndio tuliomfichia kwa kuyapa maradhi yake jina jingine.

Maradhi hayo yana jina lake. Waganga wa Ulaya waliyaandika katika gazeti lao mwaka 1915, walipoona vijana wasio na jeraha hata moja mwilini wakitetemeka na kupotewa na sauti baada ya mizinga. Wakayaita mshtuko wa mizinga, ingawa kuna waliopelekwa mbele ya bunduki za wenzao kwa kuitwa waoga. Mwaka 1980 madaktari wa Marekani, walipokwisha kuwaona vijana wao waliotoka Vietnam, waliyaweka rasmi katika kitabu chao cha maradhi ya akili. Tazameni mwaka huo: mwaka mmoja tu baada ya mgambo wetu kurudi. Elimu ilikuwako duniani wakati ule ule mtu wetu alipoanza kulala migombani. Nchini mwetu hospitali kubwa ya magonjwa ya akili iko Mirembe, Dodoma, nasi tuko mpakani mwa Uganda. Kumpeleka mtu huko ni kuvuka nusu ya nchi. Mtu hawezi kuvuka nusu ya nchi kila mvua inyeshapo. Lakini mganga wa zahanati aliyefundishwa majuma machache aweza kuyatambua maradhi haya, kuzungumza na mgonjwa na mkewe, kumpa dawa ya kawaida, na kujua ni nani wa kupelekwa mbele. Hilo si jambo la mamilioni.

Jibu la tatu tulilopewa ndilo linalopendwa kuliko yote, nalo ni hili: "Mkifungua mlango huo, kila mzee atasema alikwenda Kampala." Yaani, kwa kuogopa mwongo mmoja, wakweli kumi wasitibiwe.

Haya, tuwasimulie habari ya ufagio. Mwaka 1964 Serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari Waafrika waliobaki hai, wale waliopigana chini ya Lettow-Vorbeck katika vita vya kwanza, mishahara ambayo hawakuipata miaka karibu hamsini. Yasimuliwa kwamba mtu wa benki alitumwa Mwanza, na wazee kama 350 wakakusanyika. Wachache sana walikuwa na karatasi zao. Wengine walileta mabaki ya nguo za jeshi, na wengine mikono mitupu. Basi yule mtu akafanya shauri. Kila mzee aliyekuja alipewa ufagio badala ya bunduki, akaamriwa kwa Kijerumani aushike, auinue, auweke begani, kama alivyofundishwa ujanani. Yasemwa hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Twapenda habari hii, wala si kwa sababu ya Wajerumani, ambao walichelewa kama wengine. Twaipenda kwa kuwa yaonyesha kwamba atakaye kumjua askari hupata njia ya kumjua, na asiyetaka hudai karatasi. Mchwa wa Afrika hawasomi. Hula cheti cha shujaa kama walavyo mlango. Mgambo wa Kagera aulizwe alivukia wapi mto, nani alikuwa mkubwa wake, walilala wapi kabla ya Masaka, nani alikufa karibu naye. Aulizwe mbele ya wenzake watatu waliokwenda naye. Mwongo ataanguka kabla ya swali la pili, maana wazee hawa hawana huruma na mtu aletaye uongo katika jambo hili. Tumewasikia wakibishana saa nzima juu ya rangi ya nyumba moja iliyokuwa kando ya njia.

Wala hatutaki jambo jipya lisilojaribiwa popote. Afrika ya Kusini ilitunga sheria mwaka 2011 juu ya askari wa zamani, nayo ikawahesabu si wale wa majeshi ya serikali tu, bali na wale waliopigania ukombozi katika vikosi visivyokuwa vya serikali yo yote. Na tiba imetajwa humo kuwa haki yao. Tuseme kweli yote: sheria haikutosha. Kuandikisha majina kulikwenda kwa mwendo wa kinyonga, na Oktoba 2021 wazee waliokasirika wakawazuia mawaziri ndani ya ukumbi wa hoteli wasitoke. Hatuwasifu kwa hilo, lakini twaelewa hasira ya mtu aliyeandikwa katika sheria na kusahauliwa katika daftari. Majirani zetu wa Kenya nao wamepitisha sheria yao ya askari wastaafu mwaka 2022. Sisi wenye vita vya Kagera, tulioshinda, tumebaki na minara.

Na kwa kuwa wengi hupenda kuitaja Marekani, na tuitaje. Huko kuna wizara nzima ya askari wa zamani yenye hospitali zake zipatazo 170 na zahanati zaidi ya 1,000. Hata hivyo mwaka 2014 iligunduliwa katika mji wa Phoenix kwamba wagonjwa waliwekwa katika orodha za siri ili ionekane hakuna anayengoja muda mrefu, na wengine walikufa majina yao yakiwa bado katika orodha. Waziri akajiuzulu. Lakini hawakuishia kumfukuza mtu. Kwa sheria ya 2018, na kanuni zilizoanza kutumika 2019, walipima njia ya mgonjwa: ikiwa kumfikia daktari wa kawaida wa wizara ile kwahitaji mwendo wa motokaa unaopita dakika 30, au dakika 60 kwa daktari bingwa, askari wa zamani aweza kutibiwa na daktari mwingine aliye karibu na kwake, na serikali hulipa. Tena mke na watoto wa askari aliyelemazwa kabisa na utumishi, au aliyekufa kwa sababu yake, wana mpango wao wa tiba tangu 1973.

Tupime sasa dakika zetu. Dakika 30 hazimfikishi mzee wetu, kwa mguu ule, hata mahali penye pikipiki. Dakika 60 hazitoshi hata kulingoja basi. Hatuombi motokaa wala hospitali 170. Twaomba njia ipimwe kutoka mlangoni kwa mzee, si kutoka mlangoni kwa hospitali.

Kwa hiyo twasema hivi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa na Bunge mwaka 2023, nayo imeweka njia ya kuwalipia wasio na uwezo. Mgambo wa vita vya 1978 na 1979 na wake zao, na wajane wao, wahesabiwe katika hao bila kuulizwa cheti kilicholiwa na mchwa. Ushahidi wa wenzao, ulioandikwa mbele ya mtendaji wa kijiji na kutiwa muhuri, utoshe. Mara moja au mbili kwa mwaka daktari wa upasuaji na mganga wa akili waje kwenye kituo cha afya cha tarafa, siku iliyotangazwa, wazee wakusanyike huko. Ni nafuu kumleta daktari mmoja kwa wazee thelathini kuliko kuwauzisha mbuzi wazee thelathini. Na pale ambapo hospitali iliyo karibu ni ya misheni, kama Rubya, au Mugana, au Nyakahanga, ambazo kwa mapatano na Serikali zimekwisha kuwahudumia watu wa wilaya nzima, mapatano hayo yaongezewe mstari mmoja wa kuwataja wazee hawa na wake zao. Nauli irudishwe kwa risiti. Haya si maneno makubwa, nasi tumeyapunguza makusudi ili mtu asije akasema ni ndoto za walimu.

Lakini Serikali haiwezi kumlipia mtu isiyemjua jina, na jina haliandikwi Dodoma, laandikwa kijijini. Hapo ndipo kosa letu sisi tujuao kuandika. Tumeandika orodha za harusi, za michango ya misiba, za vyama vya kahawa, za timu za mpira. Orodha ya waliokwenda vitani hatukuiandika. Wapagazi wa 1914 hawakuwa na walimu wengi vijijini mwao. Sisi hatuna udhuru huo.

Katika shule yetu tumekwisha kuanza. Tumenunua daftari la jalada gumu, tukalichora mistari: jina la mzee, kijiji, mwaka wa kuzaliwa, alikovukia mto, wenzake watatu wamshuhudiao, jeraha au maradhi, jina la mkewe na maradhi yake, na kwa aliyekwisha kufa, jina la mjane na la watoto. Babu wa yule mtoto ndiye aliyeandikwa wa kwanza. Mzee wa migombani alikuja wa nne, na mkewe ndiye aliyesema kwa niaba yake, naye akiitikia kwa kichwa. Nakala moja itapelekwa kwa mtendaji, moja kwa mganga wa zahanati, na moja kwa mkuu wa wilaya, nasi tutawataka watie sahihi kwamba wameipokea. Daftari lenyewe liko shuleni katika kabati la chaki. Wazee wa vijiji jirani wanakaribishwa Jumatano na Ijumaa baada ya saa tisa; asiyeweza kutembea atume mtoto, tutamfuata nyumbani.